Kiti mwendo cha magurudumu matatu kwenye mchanga wa Dodoma: kinafaa, ila si kwa kila mtu na si bila mto

Kwa mtu mzima mwenye mikono yenye nguvu anayeishi nje ya lami, awe Nkuhungu, Mpunguzi, Hombolo, Bahi au Chamwino, kiti mwendo cha magurudumu matatu ndicho tunachokipendekeza kuliko vingine vinavyouzwa au kutolewa msaada kanda ya kati. Tunazungumzia kile chenye magurudumu mawili makubwa nyuma na moja la mbele lililosogezwa mbali na miguu ya anayekalia. Masharti yetu ni mawili: mtumiaji awe amepimwa mwili kabla ya kupewa, na kiti kije na mto wa kuzuia vidonda. Sharti moja likikosekana, hata kiti kizuri kinaweza kumlaza mtu kitandani miezi mingi, na wapo waliofariki kwa kidonda kilichoanzia kwenye kiti walichopewa kwa huruma.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya Dodoma ni kichanga, na kuanzia Juni hadi Novemba njia za mitaani zinakuwa unga mtupu. Kati ya nyumba na barabara kuna makorongo madogo yaliyochimbwa na mvua za Januari, na pembeni kuna migunga inayodondosha miba mwaka mzima. Kiti cha hospitali, kile cha kukunja chenye kitambaa cheusi na rimu zinazong'aa, hakikutengenezwa kwa ajili ya mazingira haya. Magurudumu yake ya mbele ni madogo, membamba, ya mpira mgumu, na yako karibu chini ya vidole vya miguu. Yakikutana na mchanga yanajichimbia. Yakikutana na jiwe la ukubwa wa ngumi yanagoma. Gurudumu la mbele likigoma ghafla uzito wote unakwenda mbele, na mtu anaanguka kifudifudi. Asiyeweza kuzuia kwa mikono anatua kwa uso.

Cha magurudumu matatu kinatatua tatizo hilo kwa namna mbili. Gurudumu la mbele ni pana na liko mbali, hivyo uzito mwingi unabaki nyuma kwenye matairi makubwa, na hata likiingia shimoni kiti hakipinduki mbele kirahisi. Halafu, kwa kuwa sehemu zinazogusa chini ni tatu tu, zote zinagusa wakati wote, kama sufuria iliyokaa juu ya mafiga. Kiti cha magurudumu manne kwenye ardhi isiyo sawa mara nyingi kina gurudumu moja hewani, na hilo la hewani likiwa la nyuma, mtu anasukuma upande mmoja bila kusogea.

Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, ni miongoni mwa waliotengeneza na kueneza aina hii, na ndilo lililoshirikiana na chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kufundisha mafundi wa viti mwendo. Mmoja wa waanzilishi wake, David Constantine, mwenyewe anatumia kiti mwendo. Ralf Hotchkiss wa Marekani, mhandisi aliye nyuma ya RoughRider, kiti cha magurudumu manne chenye magurudumu ya mbele mapana na umbali mrefu kati ya mbele na nyuma, naye ni mtumiaji. Tunalitaja hili kwa sababu linaonekana kwenye kazi yao. Aliyewahi kukwama mchangani anajua gurudumu liwekwe wapi.

Sasa ubaya wake. Kiti hiki ni kirefu. Kwenye korido ya nyumba ya kupanga, yenye vyumba vinavyotazamana na ndoo za maji zimepangwa ukutani, kugeuka ni kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa. Kwenye bajaji ni taabu kukiingiza, na matoleo mengi hayakunjiki. Unachomoa magurudumu ya nyuma na kubeba fremu peke yake. Konda wa daladala atalalamika, na mara nyingi atadai nauli ya mzigo. Jambo la pili ni la usalama na watu hawaambiwi: msingi wa kiti hiki ni pembetatu, kwa hiyo kina udhaifu wa kuinama kwa mshazari. Mtumiaji akiinama mbele-kulia kuokota kitu, uzito wake unatoka nje ya mstari unaounganisha gurudumu la mbele na la nyuma la kulia, na kiti kinaweza kulala ubavu. Namna sahihi ni kusogeza kiti hadi kitu kiwe pembeni ya gurudumu la nyuma, kufunga breki, kushika fremu kwa mkono mmoja, ndipo kuokota kwa mwingine. Hilo lifundishwe siku hiyohiyo ya kukabidhi kiti, na mtu ajaribu mwenyewe fundi akiwa amesimama karibu.

Anayefanya kazi ofisini Mji wa Serikali Mtumba, kwenye vigae na njia za mteremko zilizojengwa vizuri, na anaishi nyumba yenye sakafu laini, huyo achukue kiti chepesi cha magurudumu manne. Cha matatu kitamchosha bure.

Mto ndio nusu ya kiti

Tukiambiwa tuchague kati ya kiti kipya bila mto na kiti kikuukuu chenye mto sahihi, tutachukua kikuukuu bila kufikiri mara mbili. Aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kwenye mbuyu, na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, mara nyingi hawahisi makalio yao. Mfupa wa kukalia unabana nyama dhidi ya kiti, damu haipiti, na ndani ya saa chache ngozi inaanza kufa bila mwenyewe kujua. Dalili ya kwanza ni wekundu au weusi usiotoka ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi tazama zaidi joto, ugumu na uvimbe kuliko rangi. Aliyepooza kwa polio, kwa upande mwingine, hisia zake ziko kamili. Anajisogeza mwenyewe anapoumia, na hatari yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana swali la kwanza la mtoa huduma mzuri ni kuhusu hisia na vidonda vya zamani, kabla hata hajagusa futi.

Mto unaofaa una tabaka mbili za sponji. La chini ni gumu, limechongwa shimo dogo chini ya mifupa ya kukalia na limeinuka kidogo mbele ili mapaja yashike sehemu ya uzito. La juu ni laini zaidi na linafuata umbo la mwili. Sponji la godoro la bei rahisi halifai kwa tabaka lolote. Linabonyea hadi chini baada ya wiki chache, na mtu anakuwa amekalia ubao huku mto ukionekana mnene kwa macho. Foronya iwe ya kitambaa kinachovutika na kufuliwa. Ukiufunga mto kwa nailoni ngumu iliyokazwa ili usilowe mkojo, umeufanya ngoma: mwili unakaa juu ya ngozi ya ngoma na shimo la chini halifanyi kazi. Afadhali kuuvisha mfuko wa plastiki mwepesi, uliolegea, chini ya foronya.

Kupima kama mto unafanya kazi hakuhitaji mashine. Mtumiaji akiwa amekaa sawasawa, anayempima anaingiza vidole vyake, kiganja kikitazama juu, kati ya mto na mfupa wa kukalia. Vidole vikiweza kuchezeka juu na chini kiasi cha milimita 5 au zaidi, mto ni salama. Vikishindwa kuchezeka lakini vikatoka kirahisi, ni onyo: mto uongezewe au ubadilishwe. Vikibanwa hata kuvitoa ikawa shida, mtu huyo asiruhusiwe kuondoka na mto huo. Pande zote mbili zipimwe, maana aliyepinda nyonga anaweza kuwa salama kushoto na kuwa hatarini kulia. Kipimo hiki kirudiwe kila sponji linapozidi kuzeeka, na kwa joto la Dodoma sponji halikai sana.

Hata mto bora haumpi mtu ruhusa ya kukaa bila kujisogeza. Kila nusu saa au mapema zaidi ainame mbele kifua kuelekea magotini, au aegemee upande mmoja halafu wa pili, kwa dakika moja au mbili, baada ya kufunga breki. Kujinyanyua kwa mikono tu kunachosha mabega, na mabega ndiyo miguu yake.

Vipimo vinne

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, uliofuatiwa na mwingine mwaka 2023, unataka huduma ya kiti mwendo iende kwa hatua. Ule wa 2008 unazitaja nane: rufaa na miadi, tathmini, kuchagua aina na vipimo, fedha na kuagiza, kuandaa kiti, kumkalisha na kurekebisha, mafunzo, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Misaada mingi tunayoiona ina hatua mbili tu, kuagiza na kukabidhi. Zilizobaki sita ndizo zinazomtazama mtu.

Mtumiaji akae wima kwenye benchi gumu, miguu ikanyage chini au juu ya tofali. Pima upana wa nyonga mahali zilipo pana zaidi: huo ndio upana wa kiti. Usiongeze sentimita kumi ili "ajisikie huru". Kiti kikiwa kipana mikono inayafuata magurudumu kwa mbali, mtu anaegemea upande mmoja siku nzima, na mgongo unaanza kupinda. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 6: hicho ndicho kina cha kiti. Paja la sentimita 46 linataka kiti cha kati ya 40 na 43. Kikiwa kirefu kupita hapo, ukingo unachimba nyuma ya goti na mtu anateleza mbele, akae kwa mkia badala ya makalio, na kidonda cha mkiani ni kigumu kupona. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni, miguu ikiwa na viatu anavyovaa kila siku: huo ni umbali kutoka juu ya mto hadi kwenye kikanyagio. Kikanyagio kikiwa juu mno magoti yanapanda na uzito wote unarudi makalioni. Kikiwa chini mno miguu inaning'inia, na kwenye makorongo kinagonga mawe. Kipimo cha nne ni mgongo. Kwa anayeweza kukaa mwenyewe, kiegemeo kiishie chini ya mbavu au chini ya mifupa ya mabega, ili mabega yawe huru kusukuma.

Halafu tazama gurudumu la nyuma lilipo. Mtu akiacha mikono ining'inie, ncha za vidole ziwe karibu na ekseli. Akishika juu ya gurudumu, kiwiko kiwe kimekunjwa kwa pembe karibu ya mraba. Ekseli ikisogezwa mbele kiti kinakuwa chepesi lakini kinapenda kuanguka nyuma. Ikirudishwa nyuma kinatulia lakini ni kizito kusukuma. Aliyekatwa miguu yote miwili, na kwa kisukari wanaongezeka, hana uzito wa miguu wa kumshikilia mbele, hivyo ekseli yake lazima irudi nyuma. Kosa hili linaangusha watu kisogo kwenye kimlima cha kwanza wanachokutana nacho.

Kupima kunachukua muda, na ndipo heshima inapoonekana au kukosekana. Msalimie mwenye kiti kwanza, si aliyemleta. Mzee anastahili shikamoo yake, na kwa mzee wa Kigogo "mbukwa" inafungua mlango zaidi kuliko fomu. Kaa kwenye kigoda ili macho yenu yalingane. Kama ni bibi wa Kirangi au Kisandawe ambaye Kiswahili hakimkai vizuri, tafuta mtu mzima wa kutafsiri. Mjukuu wa miaka minane asitumwe kumuuliza bibi yake kuhusu choo na vidonda vya makalio. Kwa mwanamke, futi ya nyonga ishikwe na fundi wa kike, au na ndugu yake huku fundi akisoma namba, juu ya nguo, nyuma ya pazia. Kipimo cha vidole chini ya makalio kifanywe na mwanamke mwenzake. Haya yanawezekana hata pale ambapo fundi aliyepo ni mwanamume peke yake. Kinachohitajika ni khanga ya kutundika na dakika tano za kueleza kitakachofanyika kabla ya kukifanya.

Kiti kinaingia kwenye maisha ya watu gani

Dodoma ya leo si ya Wagogo peke yao. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mji ukapandishwa kuwa Jiji mwaka 2018, mtaa mmoja unaweza kuwa na Mgogo, Mnyaturu, Mhaya, Mchaga, Mmasai na Mpemba. Wauzaji wengi wanaongea kana kwamba kila mtumiaji analala kitandani, anakula mezani na anavaa suruali. Kiti kikishindwa kuingia kwenye maisha halisi ya mtu kinawekwa uani, kuku wanatagia.

Chukua mavazi. Khanga, kitenge cha kujifunga, baibui, kanzu, lubega la Kimasai, vyote vina ncha inayoning'inia, na ncha hiyo ikiingia kwenye spoku inavuta nguo hadi mtu abaki nusu uchi barabarani, au inamwangusha. Kiti kiwe na vikingio vya pembeni kati ya paja na gurudumu. Kama hakina, fundi anaweza kukata plastiki ngumu ya dumu, kuitoboa matundu manne na kuifunga kwenye fremu kwa waya laini, kingo zikiwa zimelainishwa kwa moto. Kazi ndogo, na tunashangaa viti vingi vinaletwa bila kitu hicho.

Kukaa chini ni jambo jingine. Msibani watu wako kwenye mikeka chini ya turubai, na chakula kinaliwa kwenye sinia. Mwenye kiti anabaki juu peke yake, sahani yake mapajani, akitazama visogo vya ndugu zake. Wengine wanapenda hivyo na waachwe. Anayetaka kushuka afundishwe: kiti kifungwe breki, miguu itolewe kwenye kikanyagio na kuwekwa chini, asogee ukingoni, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye kigoda kifupi cha katikati, kisha sakafuni. Kubwa kuliko yote, mto ushuke naye. Mkeka juu ya sakafu ya saruji kwa saa mbili unatosha kumfungulia kidonda asiyehisi, na hili linasahaulika karibu kila msiba. Kumbeba mtu mzima kwapani bila kumuuliza, hata kwa nia njema, ni kumvunjia heshima mbele ya wakwe na wajukuu. Aulizwe ashikwe wapi.

Msikitini swali huwa ni magurudumu yaliyokanyaga njiani kuingia kwenye zulia. Dini inamruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, kwa hiyo kinachobaki ni usafi, na usafi una njia zake: kitambaa chenye maji na kikavu pale mlangoni, mkeka maalumu wa kupitishia kiti hadi kwenye safu, au kiti cha pili kisichotoka nje ya msikiti. Kamati ichague moja na ilitangaze, ili mtu asisimamishwe mlangoni kila Ijumaa ajieleze upya. Kanisani tatizo ni ngazi. Njia ya mteremko inayosukumika inataka urefu mara kumi na mbili ya kimo: ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mita 1.8, ngazi tatu zinahitaji mita 5.4. Tumeona njia za mita mbili zikipandishwa ngazi nne; hizo ni za kupandishia magunia. Ndani, benchi moja la kati lifupishwe kwa sentimita 90 ili mwenye kiti akae safu moja na familia yake. Akiwekwa kwenye njia ya katikati, kila anayepita humgusa bega na kumsukuma pembeni. Kwa kiti cha magurudumu matatu acha pia nafasi ya mbele, kwa sababu ya ule urefu.

Chooni kiti hiki hakiingii, na tusidanganyane. Choo cha shimo chenye mlango mwembamba kinahitaji kigoda chenye tundu, na mlango upanuliwe au pazia liwekwe mahali pake. Nyumba za tembe zilizobaki vijijini zina milango mifupi. Mtu anaingia ameinama, na kichwa kinagonga kabla ya magurudumu. Fundi apime mlango wa nyumba kabla ya kuagiza, upana kwa urefu. Kwa makadirio, upana wa nje wa kiti ni upana wa kukalia ukiongeza sentimita 20 hivi, na vidole vya mikono vinahitaji nafasi pembeni.

Huruma inayotolewa kwa idadi

Kanda hii watu wanatoa. Mwezi wa Ramadhani wanatoa, Kwaresima wanatoa, na Dodoma ikiwa makao makuu, sherehe za kukabidhi viti mwendo haziishi. Hatuna neno baya na mkono unaotoa. Shida ni kwamba sherehe huhesabu viti, na viti vya saizi moja vilivyonunuliwa kwa jumla ndivyo vinavyoleta idadi kubwa kwa fedha ileile. Binti wa kilo 35 na baba wa kilo 90 wanapewa kiti kilekile cha inchi 18. Ushauri wetu kwa kamati za zaka, jumuiya ndogondogo, SACCOS na ofisi zinazochangishana ni kununua nusu ya idadi, kisha nusu nyingine ya fedha iende kwenye mito, kupima na ziara moja ya ufuatiliaji baada ya miezi mitatu. Kukabidhi kufanyike mtu akiwa tayari ameshakalishwa na kurekebishiwa, si kiti kikiwa bado na nailoni. Picha ipigwe kwa anayekubali, baada ya kuulizwa faraghani, na jibu la hapana lisimkoseshe kiti.

Na ieleweke kwamba anayepokea hapewi fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una kifungu cha 20 kinachohusu mtu kwenda atakako kwa namna na wakati anaouchagua, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mtu ana haki ya kusema "hiki hakinifai" na kurudisha, bila kuambiwa hana shukrani. Mtoaji anayeudhika kwa neno hilo ajiulize alikuwa anamnunulia nani kiti.

Matengenezo

Hapa kiti cha magurudumu matatu kinapata alama nzuri kwetu, kwa sababu vipuri vyake vikubwa ni vya baiskeli. Tairi na tyubu za inchi 24 au 26 zinapatikana kwa mafundi baiskeli hadi minadani vijijini, lakini soma saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kabla ya kununua, kwani zipo zinazofanana kwa macho na hazikai kwenye rimu. Dhidi ya miba, kata tyubu kuukuu kwa urefu na uitandike kati ya tairi na tyubu nzima. Inaongeza uzito kidogo na inapunguza pancha sana. Tairi zisizo na upepo hazipati pancha kabisa, ila zinatikisa mwili na kuua beringi mapema. Tunazikubali kwa anayeishi mbali na pampu yoyote. Tairi za upepo zisiachwe laini, kwani breki za kiti zinabana tairi lenyewe. Upepo ukipungua breki haishiki, na watu wanaanguka wakati wa kuhamia kitandani wakidhani kiti kimefungwa.

Vumbi ndilo adui wa beringi za mbele. Chagua kiti chenye beringi zilizofunikwa pande zote. Zikianza kukwaruza badilisha kwa namba iliyochongwa juu yake, usizioshe kwa petroli na kuzirudisha. Nati zikazwe kila mwezi. Spoku zibanwe mbilimbili kwa vidole, iliyolegea ikazwe kabla haijavunja jirani yake. Fremu ya chuma cha kawaida ikipasuka, mchomeleaji yeyote wa mtaani anaiunga. Ya aluminiamu hawezi, na akijaribu anaimaliza.

Wasiofaa kupewa kiti hiki ni wale ambao mikono yao haina nguvu ya kusukuma na watasukumwa na mtu wakati wote, pamoja na watoto wenye mtindio wa ubongo wasioweza kushika shingo au kiwiliwili. Hao wanahitaji kiti chenye vishikilio vya pembeni na kichwa, kilichowekwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo au fiziotherapia. Mtoto huyo akilishwa uji amelazwa nyuma kwenye kiti kisichomfaa, uji unaingia kwenye njia ya hewa. Mwenye mikono imara anayesafiri kilomita kadhaa kwenda mnadani au shambani atafurahia zaidi baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, ila hiyo ni ya njiani, ndani ya nyumba haiingii, na bado atahitaji kiti cha pili.

Kwa mtoto anayekua, chukua kiti kinachorekebishika kina na kikanyagio, na apimwe upya kila baada ya miezi sita. Kikishamkataa, kirudishwe kwa aliyekitoa au kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri pamoja na vipimo vyake vimeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya fremu: upana, kina, kikanyagio. Mto asipewe mtoto mwingine. Unatengenezwa mpya.